E63 ya milioni 2.9: jibu langu kwa kijana wa Tudor

Swali lenyewe nalifupisha kidogo, limetoka kwa kijana mmoja wa Tudor:

"Salaam alaykum fundi. Nina miaka 31, nafanya kliaringi Shimanzi, nimeoa na tuna mtoto mmoja. Nimeweka akiba milioni 3.2. Kuna Mercedes E63 AMG ya 2012 naiona Nyali, ilitoka Uingereza 2019, dashi inasoma 96,000, mwenyewe ataka milioni 2.9. Nimeiendesha mara moja tu na tangu siku hio usingizi sina. Mke wangu asema ninunue Toyota Crown, pesa itakayobaki tumalizie nyumba. Kila mwezi baada ya matumizi yote nabaki na kama elfu themanini hivi. Niambie ukweli, nichukue ama niache?"

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Ntaanza na jibu lenyewe ili usisome mpaka chini roho iko juu: kwa bei hio na kwa akiba hio ulonayo, usichukue. Lakini usiishie hapo, manake kuna hali ambayo gari hio hio ningekwambia mpe mtu pesa yake, na kuna vitu umeniandikia mwenyewe ambavyo naona hujavitilia maanani, kimoja ni hicho cha dashi kusoma 96,000, na hicho peke yake chaweza kugeuza hesabu yote.

Na sikulaumu kwa kukosa usingizi. Mimi nimeshika Mercedes na BMW hapa Mombasa zaidi ya miaka ishirini na mpaka leo injini hio ikiingia gereji naacha chai yangu nakwenda kuiangalia. Ukifungua boneti utaona juu ya injini kuna kibati kidogo kina saini ya mtu, hio ni saini ya fundi aliyeiunga hio injini peke yake mwanzo mpaka mwisho kule Affalterbach, Ujerumani, AMG ndo utaratibu wao, mtu mmoja injini moja. Hio ya 2012 ni ile wanaiita M157, V8 ya 5,461 cc na turbo mbili, nguvu ya farasi 525, torki (nguvu ya kuzungusha) Nm 700, na kama iliagizwa na ile pakeji ya nguvu yafika farasi 557 na Nm 800. (Jina lasema 63 lakini injini ni 5.5, jina lilibaki tu kutoka ile ya kabla yake ya 6.2 isiyokuwa na turbo.) Kwa hivo ulichokisikia ulipokanyaga mafuta kwenye Links Road ni kweli kabisa, wala hukudanganywa na roho yako.

Sasa tuanze na kitu ambacho watu wengi hawaangalii kabisa: je, ni E63 kweli? Manake hapa mjini kuna E250 kibao zimevalishwa bampa za AMG, rimu za AMG, egzosti nne na nembo ya E63 nyuma, na kwa nje hata mimi naweza kupita nisitambue. Angalia namba ya chesi. E63 ya M157 inayosukuma magurudumu ya nyuma yaanza na WDD212074, na ukikuta 212077 basi hio ni ile ya zamani yake yenye injini ya M156 ya 6,208 cc, hadithi nyingine kabisa na matatizo mengine, bolti za vichwa na kamshafti, ile shafti inayofungua valvu. Namba hio isome kwenye logbuku, isome kwenye kioo cha mbele, afu inua kile kipande cha zulia mbele ya kiti cha mbele cha kulia uisome ilivyogongwa kwenye bodi yenyewe, zote tatu ziwe sawa herufi kwa herufi. Na logbuku ioneshe cc hizo hizo, 5,461 au karibu na hapo. Wewe umesema uliisikia ikikoroma, mimi nakuamini, lakini soma namba.

Haya, hio 96,000. Gari imetoka Uingereza. Uingereza wapima barabara kwa maili. Spidomita yake angalia namba kubwa za nje ni za maili kwa saa, zile ndogo za ndani ndo kilomita. Sasa 96,000 ya nini? Kama ni kilomita hio ni gari imetembea kiasi, kama ni maili basi ni kilomita 154,000 na zaidi, na mwenye gari akikwambia "elfu tisini na sita" akanyamaza hajasema uongo na pia hajakwambia kitu. Na kuna jambo jingine juu ya hilo, kwenye Mercedes hizi waingia kwenye mipangilio ya dashi kwa vidude vya usukani wabadilisha kipimo kutoka maili kwenda kilomita na ile jumla nayo yabadilika, kwa hivo ingia wewe mwenyewe ubadilishe uone inavyosoma pande zote mbili, dakika moja tu.

Afu waweza kwenda mbali zaidi. Kule Uingereza gari ikitimiza miaka mitatu lazima ikaguliwe kila mwaka, mtihani unaitwa MOT, na kila mara wanaandika imesoma maili ngapi na imeshindwa wapi, na hio historia ni bure kwenye tovuti ya serikali yao, wataka namba ya usajili ya kule tu. Gari ya 2012 iliyoondoka 2019 yafaa iwe na mitihani kama minne. Namba ya zamani yapatikana kwenye karatasi za kuagiza, au kitabu cha sevisi, au mara nyingi naikuta kwenye stika ndogo iliyosahaulika kwenye kona ya kioo. Ukiipata utaona mwaka huu maili hivi, mwaka ule maili hivi, na kama ya mwisho kabla ya kupanda meli ilikuwa 88,000 maili na leo dashi yasoma 96,000 "kilomita" basi mazungumzo yenu na huyo bwana yamekwisha. Utaona pia kama waliandika kutu kwenye mabomba ya breki au chini ya bodi, manake kule majira ya baridi wamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hio hukaa chini ya gari miaka, afu yaja huku kwetu yakutana na chumvi ya bahari. Ipandishe juu uitazame chini na tochi. Hilo usiliache hata kama yote mengine ni mazuri.

Nije kwenye pesa, hapa ndo kwenye kiini chenyewe. Gari hii ikiwa mpya ilikuwa ya tajiri. Leo wewe waipata kwa milioni 2.9 kwa sababu bei ya gari hushuka, lakini spea zake hazikushuka nayo, diski ya breki ya E63 leo ni diski ya gari ya tajiri vilevile, ile ya mbele ina upana wa milimita 360, huwezi kupachika ya E200. Tairi zake haziko sawa mbele na nyuma, kama iko kwenye rimu za inchi 19 mbele ni 255/35 na nyuma ni 285/30, na zile za nyuma kwa farasi 525 zikisukuma magurudumu mawili tu huisha mbio kuliko unavyofikiria. Oili yake ni kama lita nane na nusu na lazima iwe ile iliyoidhinishwa na Mercedes kwa kiwango chao cha 229.5, si galani yoyote utakayouziwa. Saspensheni mbele ni springi za chuma lakini nyuma ni mifuko ya hewa, na mpira wa mfuko wa hewa ukifika umri wake hupasuka tu, hata gari ilale bila kuendeshwa.

Fanya hivi kabla hata hujarudi kuiona. Piga simu maduka matatu ya spea, moja hapa mjini, mawili Nairobi kule Kirinyaga Road, uliza bei ya vitu vitano na uandike: mfuko wa hewa wa nyuma mmoja, diski za mbele na pedi zake, tairi mbili za nyuma, pampu ya maji ya kupoza hewa ya turbo, na tenshena za cheni, yani vikaza cheni ya injini. Jumlisha. Afu jiulize, vitatu kati ya hivi vitano vikinijia mwaka wa kwanza, nalipa na nini? Kwa akiba yako ukishatoa milioni 2.9 wabaki na laki tatu, hapo hujalipa bima, hujahamisha umiliki, hujafanya ile sevisi ya kwanza ambayo lazima uifanye hata ukiambiwa imefanywa wiki jana, yani oili, plagi nane, filta zote, na oili ya gia boksi. Laki tatu yaweza kuisha hapo hapo kabla gari haijaharibika kitu.

Bima nayo, uliza kwanza kwa namba ya gari, usifikirie tu. Kampuni nyingi gari ikishapita miaka kumi na kitu zaanza kukunja uso kwenye komprehensivu, ile bima kubwa, au zakupa kwa masharti. Na kuendesha gari ya milioni 2.9 kwa bima ya mtu wa tatu pale Buxton saa kumi na moja jioni na pikipiki zinavyopita, mimi siwezi kukushauri.

Petroli. Kwa mwendo wa mjini hesabu kilomita tano kwa lita, siku mbaya ni nne. Ukitembea kilomita elfu moja kwa mwezi ni lita 200, tuseme kwa shilingi 180 lita ni elfu thelathini na sita. Ushatoa karibu nusu ya zile themanini zako. Na ukifungua kile kifuniko cha tanki utaona wameandika oktani 98, super yetu ya kawaida haifiki hapo. Kompyuta itajirekebisha kuilinda injini isigonge, yani itachelewesha cheche za plagi na wewe utapata farasi wachache kuliko uliolipia, na ukilazimisha kukanyaga sana kwenye joto la Februari na petroli dhaifu ndo waanza kuitesa. Weka ile petroli ya bei ya juu kila mara, na hio nayo ipige hesabu.

Jambo ambalo nahisi hakuna aliyekwambia ni hili la safari zako. Tudor mpaka Shimanzi ni kilomita chache mno. Maji ya injini hupata joto haraka hapa kwetu lakini oili huchelewa, lita nane na nusu hazipati moto kwa dakika kumi za foleni, na injini hii yanyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, petroli kidogo huteremka na kuingia kwenye oili, oili yawa nyepesi, unyevu nao haupati kuchemka utoke. Ukifanya hivo kila siku miaka miwili umeila injini ukiwa hujawahi hata kufika spidi 80. Na ile gia boksi yake, MCT ya gia saba, haina torki konveta kama otomatiki za kawaida, badala yake ina klachi inayoogelea kwenye oili, barabara ikiwa wazi ni tamu ajabu, lakini kutambaa nayo mguu kwa mguu Daraja la Nyali mpaka Kongowea ni kuipikia hio klachi ndani ya oili yake. Kama ungekuwa wakaa Kilifi na kila asubuhi wapiga kilomita sitini za barabara ya wazi, wallahi jibu langu lingelegea.

Na hii Mombasa yetu yenyewe. Hewa inayotoka kwenye turbo hupoozwa na maji, na maji hayo yana pampu yake ndogo ya umeme, kwenye joto letu na unyevu huu hio pampu hufanya kazi kama punda wa Mji wa Kale. Ikianza kufa taa haiwaki mara moja, gari yapungua nguvu tu ukikanyaga mara ya pili na ya tatu, na mwenyewe adhani ndivyo ilivyo. Halafu majani. Kama yalala chini ya mwarobaini, vile vijani vyembamba huteremka kwenye zile njia za maji chini ya kioo cha mbele zikaziba, mvua za Aprili zikija maji yakosa pa kwenda yaingia ndani kwenye nyaya. Nimewahi kutoa kwa vidole vyangu donge la majani ya mwarobaini limekuwa kama udongo wa ufinyanzi, zito, lanuka, na chini yake plagi ya nyaya imeota kijani. Inua pia zulia la buti uguse chini kwa mkono, ukikuta mchanga mwembamba au unyevu uliza hio gari ilikuwa wapi wakati wa mafuriko. Na kama una ndugu Likoni, jua kwamba ile rampu ya feri maji yakitoka huwa mkato mkali na bampa ya AMG iko chini, siku hizi afadhali uzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu.

Sasa ntakusimulia kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Mwaka 2017 mteja wangu wa Bamburi alinichukua nikamkagulie BMW M5, ile ya E60 yenye V10 ya lita tano, farasi 507, injini inayopanda mpaka mizunguko 8,250 kwa dakika. Tulifika kama saa tano asubuhi, mwenyewe akatuambia ametoka kuiosha, injini ilikuwa moto. Nikaisikiliza, tamu. Nikaisoma kwa mashine, hakuna hitilafu. Nikamwambia mteja wangu chukua. Hazikupita wiki tano nikapigiwa simu yuko Mtwapa kando ya barabara, injini yagonga kama mtu anayebisha hodi. Tulipofungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ilikuwa yang'aa, nikaichovya kidole nikakiweka juani, vumbi la shaba tupu, yani beringi za konrodi (fimbo inayoshika pistoni) zishaliwa mpaka tabaka la ndani. Injini hizo zajulikana kwa beringi hizo, na mimi nilijua, na sikuuliza zilibadilishwa lini, na niliikubali injini ya moto. Yule mteja aliuza kiwanja kulipia injini ile. Hakunilaumu hata siku moja na ndo inaniuma zaidi.

Tangu hapo siangalii injini ya moto. Mwambie mwenye gari mapema kwamba mwakuja asubuhi na asiiwashe, ukifika kabla hata ya salamu kuisha weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa moto rudi nyumbani, urudi siku nyingine. Ikiwa baridi, simama mbele, mwambie mtu awashe, na usikilize zile sekunde mbili tatu za kwanza. M157 za miaka ya mwanzo zina ugonjwa wa oili kukimbia kutoka kwenye tenshena za cheni usiku, basi asubuhi cheni yagonga mrrrrr kidogo afu yanyamaza. Ikikaa hivo kwa muda cheni yalegea, na kuifikia cheni ya V8 yenye turbo mbili si kazi ya kufungua boneti tu. Kabla ya kuwashwa angalia pia nyuma, kama imelala upande mmoja au imeketi chini basi mfuko wa hewa wavuja. Ukishawasha angalia inanyanyuka kwa muda gani.

Kuna zile sumaku za kamshafti mbele ya injini, ni nne, zikizeeka huvuja oili ndani ya soketi yake, na oili hio hupanda ndani ya nyaya kama mafuta ya taa kwenye utambi, pole pole, mpaka ifike kwenye soketi za mbali na hata kompyuta ya injini. Chomoa soketi moja uitazame ndani kwa tochi, ikiwa kavu alhamdulillahi, ikiwa yang'aa mafuta ujue hesabu yako imeongezeka. Sumaku zenyewe si ghali sana, nyaya na kompyuta ndo balaa.

Na kitu ambacho sitakubali ukiruke: plagi zitolewe na kamera nyembamba iingizwe kwenye kila silinda. Silinda za injini hii ni za aluminiamu tupu hazina slivu (bomba la ndani) ya chuma, na baadhi yao hupata mikwaruzo ya wima ukutani, kwa nje injini yaenda vizuri tu, ila oili yapungua na asubuhi kuna mgongano mdogo wa pistoni. Mwenye gari akikataa plagi zisitolewe, hio ni haki yake, na yako ni kuondoka. Mashine nayo iwe ile yenyewe ya Mercedes, watu waiita Star, si kile kidude cha elfu mbili, manake Star yasoma kompyuta moja baada ya nyingine, na kilomita zimehifadhiwa zaidi ya mahali pamoja, aliyezirudisha kwenye dashi mara nyingi husahau kwingine. Na angalia kama kumbukumbu za hitilafu zimefutwa juzi juzi, gari ya miaka hii ikiwa safi kama mtoto mchanga, mimi hushtuka.

Makaratasi ntapita haraka. Tafuta rekodi ya gari kwenye akaunti ya NTSA, ile mamlaka ya usafiri, ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, jina liwe la huyo anayekuuzia na si la "shemeji yangu yuko Dubai", na uangalie kama kuna benki au mkopeshaji amewekewa gari kama dhamana, manake gari za namna hii nyingi zishawahi kukopewa pesa. Hakikisha ushuru ulilipwa, haikuingia kwa msamaha wa mtu fulani. Pesa ipite benki, na uhamisho auanzishe yeye kwenye akaunti yake ukiwa umekaa naye.

Utaambiwa pia na wenzako wa bandarini uagize yako mwenyewe, wewe wajua hesabu hizo kuliko mimi, lakini kwa gari hii mlango umefungwa. Sheria ya Kenya ya kutoleta gari iliyopita miaka minane yaondoa W212 yote (ndo jina la bodi ya E63 hii), manake ilikoma kutengenezwa 2016, utakayoweza kuleta ni ile iliyofuata, ya V8 ya lita nne, na injini ya petroli ikipita 3,000 cc eksaizi (ushuru wa bidhaa) ni asilimia 35, juu ya ushuru wa forodha, afu VAT 16 juu ya vyote, na KRA, watu wa kodi, wapiga kwa bei ya orodha yao si ya risiti yako. Na hili lina maana nyingine kwako: W212 zilizoko Kenya leo ndo hizo hizo, hakuna nyingine yaja, kila inayokufa yapunguza idadi, na siku wewe wataka kuuza mnunuzi wako atakuwa na maswali kuliko yako.

Mke wako. Mimi naona amesema kweli, ila sijui kama alimaanisha Crown gani, manake Crown si moja. Tafuta Athlete ya 3.5, ile ya S210 iliyotoka kuanzia mwisho wa 2012, ina V6 ya 2GR-FSE farasi 315, cheni si mkanda, na petroli yaingia kwa njia mbili kwa hivo valvu hazijazi masizi kama injini nyingi za kunyunyizia moja kwa moja. Si V8, sitakudanganya kwamba utasikia sauti ile, lakini ukiikanyaga kwenye barabara ya Malindi mgongo utagusa kiti, AC yake yashinda mchana wa Machi, na nusu ya mafundi wa Mombasa waijua ndani nje. Nayo yapenda petroli nzuri. Kama roho yataka Mercedes lazima, angalia E400 ya bodi hio hio baada ya 2013, V6 ya turbo mbili farasi 333, yatosha kabisa kwa mtu mwenye mtoto nyuma. Na kama roho yataka V8 na hutaki kusikia kingine, iulizie Lexus IS F, lita tano bila turbo, farasi 423, injini ambayo mimi mwenyewe ningekuwa nayo na nilale usingizi. Ziko chache sana hapa nchini, utangoja, na wakati wa kungoja akiba yaongezeka.

Na ile E63, kama baada ya yote haya bado yakuita, masharti yangu ni haya: iwe kilomita zake zimethibitishwa kwa karatasi, silinda safi kwa kamera, na bei ishuke mpaka milioni 2.1 au 2.2 ili karibu milioni nzima ikae benki kwa jina la gari, usiiguse kwa nyumba wala kwa kitu kingine mwaka mzima. Na uwe na kidude kingine cha kukupeleka Shimanzi asubuhi, hata ni Vitz ya mke. Bila hivo vyote pamoja, mwache mwenyewe na gari yake, hata akikupigia usiku kukwambia kuna mtu wa Nairobi yuko njiani na pesa.

Mimi Jumamosi asubuhi niko. Zungumza naye leo, mwambie saa moja asubuhi kabla jua halijashika na asiiguse ufunguo, mimi ntakuja na Star na ile kamera. Kama atakutumia namba ya zamani ya Uingereza kabla ya hapo nitumie hio kwanza, huenda tusihitaji hata kuvuka daraja.